Kichwa Auburn, Miguu Mtabila

Melchior Ntakirutimana hakuwa mtu wa ugomvi. Muulize yeyote aliyesali naye, atakuambia: mpole, mcheshi, suruali zake zina mkunjo wa pasi hata siku ya kwenda kutupa taka. Lakini mjini Sydney alikuwepo mtu mmoja ambaye Melchior hakuwa amemsemesha kwa miaka zaidi ya kumi, na mtu huyo alikuwa amewahi kuwa rafiki yake kuliko wote. Jina lake Salvator. Kilichowagombanisha ni kichwa cha cherehani, na usicheke, maana hujui cherehani ni nini kwa mtu aliyeishi kambini.

Majira ya baridi ya mwaka 2021 yalimkuta Melchior amekaa tu. Kazi yake ilikuwa kusafisha maofisi huko Parramatta, ghorofa hadi ghorofa, vakyumu, mashine ya kufyonza vumbi, amejifunga mgongoni. Korona ilipochachamaa, watu wa upande wa magharibi wakaambiwa kila mtu akae kwake, ofisi zikafungwa, na bosi akamwambia aende na mashine yake nyumbani hadi atakapoitwa. Basi vakyumu ikakaa sebuleni kwake Guildford kwenye kiti kimoja, Melchior kwenye kiti cha pili, wakawa wanatazamana. Juu ilizunguka helikopta ya polisi, na chini wanajeshi walipita mlango kwa mlango kuangalia nani yupo na nani hayupo. Walikuwa na adabu, hilo lazima lisemwe, lakini Mrundi akiona buti mlangoni moyo wake hausubiri maelezo. Aliyekuwa akitoka ni binti yake, Elvire, kwa sababu alihudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Elvire anasikia Kiswahili chote, hata cha mafumbo, ila akikujibu anakujibu kwa Kiingereza.

Sasa mtu akikaa bure, mawazo yake yanatafuta njia ya kurudi nyuma, na ya Melchior yaliijua njia hiyo vizuri. Yalirudi hadi kwenye shule ya ufundi ya wamisionari karibu na Gitega, kwa bruda mmoja Mfaransa mwenye ndevu za rangi ya tumbaku na hasira za karibu. Bruda huyo alikuwa na sheria yake: hugusi cherehani kabla hujajua ni nani aliyeibuni. Alikuwa akisema kwamba fundi asiyejua chombo chake kimetoka wapi ni mwizi tu aliyekaa kitako. Kwa hiyo vijana wake, kabla hawajajua kutunga uzi kwenye sindano, walishajua habari za Thimonnier, fundi wa huko huko Ufaransa, aliyeunda cherehani ya mbao akapewa kazi ya kushona sare za jeshi. Mafundi wenzake wakaona huyu anatuua njaa, wakaivamia karakana, wakavunja mashine zote. Akafa maskini. Kila alipofika hapo bruda alitoa leso akapenga kamasi, na darasa zima likajua leo hakuna mtihani.

Vita vilipokuja, Melchior alivuka mpaka kuingia Tanzania na mkewe mjamzito, na sindano mbili amezichomeka ndani ya kola ya shati. Melchior akamzika mkewe huko huko kambini Mtabila, Elvire akiwa bado anatambaa. Miaka mingine mtu haisimulii, anaipita tu, nasi tuipite.

Kilichomwinua ni Salvator. Mfupi, mwenye sauti ya kuuza mnadani, alijifunza kushona barazani sokoni Bujumbura kwa mjomba aliyefundisha kwa kumchapa rula vidoleni. Hakujua jina la mbunifu hata mmoja, na wala hakuona haya. Wawili hao walikutana wakigombea kitambaa kimoja cha msaada, wakacheka, na kabla ya msimu kwisha walikuwa wametoa mahindi yao yote, pamoja na baiskeli ya Melchior, kununua cherehani ya miguu kwa fundi mmoja wa Kasulu aliyekuwa anastaafu. Cherehani moja, mafundi wawili. Asubuhi zamu ya Melchior, mchana zamu ya Salvator. Melchior alikuwa mtu wa suruali, Salvator mtu wa kola, na shati likitoka pale kibandani kwao huwezi kuona mkono wa kwanza umeishia wapi na wa pili umeanzia wapi.

Baadaye shirika moja likawapa darasa la vijana, na Melchior akaleta sheria ya bruda. Salvator alizipenda hadithi zile kupita kiasi! Hakuzisikiliza tu, alizichukulia upande. Wengine wana Simba na Yanga. Pale kibandani walikuwa na Howe na Singer. Melchior alikuwa wa Howe, yule Mmarekani maskini aliyehamisha tundu la sindano kutoka kichwani hadi kwenye ncha, akaenda Uingereza kutafuta riziki, akarudi kukuta mkewe yuko kufani na watu wanauza mashine zenye wazo lake. Ilibidi aazime nguo nzuri ili aende kumuaga mkewe. Salvator alikuwa wa Singer, mwigizaji wa jukwaani, mtu wa makelele, aliyezaa watoto na wanawake kadhaa. Salvator alisema mwanaume mwenye watoto wote wale ndiye anayejua shida ya kushona, Howe alijua shida ya kulia tu. Vijana waliangua kicheko, Melchior alinuna hadi saa ya chakula, kisha wakala sahani moja.

Sehemu moja tu ya hadithi hawakubishania. Ni pale wabunifu wote walipojikuta wamekwama. Huyu kashika haki ya ubunifu wa sindano, yule haki ya kile kinachosogeza kitambaa, mwingine haki ya hiki na kile, na hakuna aliyeweza kuunda cherehani nzima bila kumwibia mwenzake. Wakashtakiana mahakamani mpaka wakachoka. Mwisho wakaketi, wakatia haki zao kwenye chungu kimoja, kila mtu akala. Salvator aliisimulia kwa mikono yote miwili, Melchior akimalizia kwa mafunzo: jamani, chombo ni kimoja, watu ni wengi, kaeni mpatane. Walilifundisha hilo mwaka baada ya mwaka, kila darasa. Mganga hajigangi.

Jina la Salvator la kwenda Australia lilitoka kwanza. Siku zile kambi ilikuwa na fununu za kufungwa, watu wanauza mabati usiku, kila mtu anaficha chake. Asubuhi moja Melchior alifika kibandani kwa zamu yake, akakuta meza ipo, kanyagio lipo, mkanda unaning'inia, na mahali pa kichwa pana tundu. Basi la waliokuwa wakienda Australia lilikuwa limeondoka alfajiri. Salvator hakuaga. Melchior aliketi kwenye kile kiti akakanyaga, gurudumu likazunguka bure, akakanyaga tena. Alilia, na hakujificha.

Basi kichwa kikaenda Australia, miguu ikabaki Tanzania. Kichwa kisicho na miguu hakishoni, wala miguu isiyo na kichwa haishoni, hata kifungo. Elvire aliandikia kazi za shule juu ya meza ile, na yalipofika majira yao nao ya kuondoka, Melchior alimwachia jirani meza hiyo, akaondoka mikono mitupu.

Walikutana tena Sydney, mtaani Auburn, kwenye msiba, ua wa watu umejaa viti vya plastiki. Salvator alimjia amefungua mikono. Melchior akamuuliza mbele ya watu wote, iko wapi? Mikono ya Salvator ikashuka. Akajibu kwamba iko kwake, na anayeitaka aje aichukue. Ukilipima jibu hilo kwa utulivu utaona halina ubaya, lakini Melchior hakulipima. Yeye alisikia kwamba aliyeibiwa ndiye aende kubisha hodi kwa mwizi. Tangu siku hiyo, arusini huyu alikaa kulia, yule kushoto. Wachungaji walijaribu, wakashindwa. Na kichekesho, kama ni kichekesho, ni kwamba wote wawili hawakushona tena. Salvator naye alipata kazi ya usafi. Mafundi wawili bora wa Mtabila walikuwa wakisukuma vakyumu kwenye mazulia ya watu, kila mmoja na kituo chake cha treni.

Ndiyo hiyo vakyumu iliyomkalia Melchior mbele sebuleni. Siku moja ikamjia sauti ya bruda: na hii, ameibuni nani? Aliona aibu ya kweli. Miaka yote amebeba mashine mgongoni hata jina la aliyeibuni hajui. Akamwomba Elvire amtafutie kwenye simu, Elvire akamwekea video mbili tatu, akaenda kulala kabla ya zamu.

Aliyoyaona yalimsimamisha wima. Mtu aliyeunda ile vakyumu ndogo ya umeme ya kubebeka hakuwa profesa. Alikuwa mfagiaji, anaitwa Spangler, mzee mwenye pumu, anafagia dukani huko Ohio, Marekani, na vumbi la mazulia linamuua taratibu. Mfagiaji! Melchior alitembea sebuleni kwenda na kurudi. Alitaka kumwambia mtu. Elvire alipoamka alimsimulia, Elvire akasema kwa Kiingereza kwamba inasikitisha kweli, akambusu kwenye paji, akatoka kwenda kazini. Akampigia mzee mmoja wa kanisani, yule akasikiliza kidogo kisha akauliza kama hizo ni habari za chanjo. Melchior akakata simu. Katika mji mzima wa Sydney, na watu wake wote, alikuwepo mtu mmoja tu ambaye angeruka kitini kwa hadithi hii, angebisha, angechukua upande. Alimkumbuka Salvator siku hiyo mpaka kifua kikamuuma. Hasira yake aliitafuta akaipata, lakini ilikuwa imepungua uzito.

Hakupiga. Mtu akishazoea kununa, kuacha ni kazi.

Ijumaa moja mchana simu ikaita yenyewe. Alikuwa Fébronie, mke wa Salvator, sauti imekauka. Alimwambia mambo kwa mfululizo, bila kupumzika: Salvator aliipata korona kazini, maana kwao hakukufungwa, amelazwa, pumzi imemshinda hata na oksijeni, na mchana huo huo madaktari wanataka kumlaza usingizi wa dawa wamwekee mpira wa kupumulia. Fébronie mwenyewe amefungiwa nyumbani Auburn, hawezi hata kumshika mkono. Nesi atamshikia simu, kila mtu dakika chache tu.

"Ameongea na mimi, ameongea na watoto," alisema Fébronie. "Sasa anakutaka wewe, shemeji. Na ile mashine iko juu ya kabati langu mpaka leo. Alisema kambi inafungwa, itaibwa, akabeba alichoweza kunyanyua. Hajaishonea hata kifungo. Anasema cherehani ile ni ya watu wawili."

Melchior aliuliza kwa nini basi hakumwambia. Fébronie akasema alitaka kumwambia kwenye ule msiba, na Melchior anajua mwenyewe ilivyokuwa. Kisha akamwomba asikawie.

Hotuba Melchior alikuwa nayo. Miaka yote aliitunga, akiwa kwenye treni, akiwa kwenye lifti za Parramatta, hotuba ya kumtoa mtu jasho. Simu ya picha ilipofunguka, akamwona Salvator amekuwa mdogo ndani ya mto mweupe, mipira puani, kifua kinapanda na kushuka kwa nguvu. Nyuma yake mtu amevaa kinga mwili mzima, macho tu yanaonekana. Hotuba yote ikayeyuka. Na maneno ya kusamehe nayo hayakuja, maana hayo hakuwahi kuyafanyia mazoezi.

"Fundi," alisema Melchior.

"Fundi," alisema Salvator. Akavuta pumzi, akaanza kusema kitu kuhusu kichwa, kwamba kile kichwa. Melchior akamwambia anyamaze, atunze pumzi, yeye amekuja na hadithi mpya. Akamuuliza: unajua ile vakyumu tunayobeba kila siku aliibuni nani?

Macho ya Salvator yakageuka. Yaligeuka kabisa, kama zamani.

Basi Melchior akasimulia. Alimsimulia jinsi Spangler alivyokuwa akifagia na kukohoa, kukohoa na kufagia, mpaka akasema kuliko kufa na ufagio mkononi bora nifikiri. Akachukua feni, akachukua sanduku, akachukua mpini wa ufagio, na kwa mfuko wa kukusanyia vumbi akachukua foronya ya mto. Salvator aliinua kidole kimoja kuonyesha ameipenda foronya. Melchior akapata moto. Mikono ikaanza kucheza, sauti ikapanda, sebule ya Guildford ikawa kibanda cha Mtabila. Ile mashine ikafanya kazi! Vumbi likaingia kwenye foronya, kifua kikapata nafuu, na mzee yule akawaza kuiuza kwa dunia nzima lakini hana mtaji.

Sasa, kambini walikuwa na desturi yao. Hadithi ya Ijumaa hawakuwa wakiimaliza. Waliikata pale pale inaponoga, wakawaambia vijana mengine Jumatatu, kwa sababu kambini kijana akishapotea siku mbili unaweza usimwone tena, na hamu ya kujua mwisho ilimrudisha kuliko uji. Hapo kwenye mtaji palikuwa pa kukatia, na Melchior alipajua. Lakini alimtazama mwenzake anavyohangaika na pumzi, hofu ikamshika, akaona hakuna nafasi ya kubakiza kitu. Akaendelea mbio mbio. Akasema jinsi mzee alivyomuuzia ndugu yake wa kike mashine moja, mume wa mama yule, mfanyabiashara wa vitu vya ngozi, akainunua haki, na jina lililobaki midomoni mwa watu likawa la yule mume, Hoover, siyo la mfagiaji. Akasema ingawa mzee aliendelea kupata chake, alifanya kazi miaka bila kupumzika, na siku alipopanga hatimaye kwenda likizo yake ya kwanza, akafa usiku wa kuamkia safari.

Ndipo Melchior akajisikia alichosema. Katika hadithi zote za duniani, kumchagulia mgonjwa hiyo!

Ile mipira ya puani mwa Salvator ilivuma.

"Leo Ijumaa," akasema.

"Ndiyo."

"Umeimaliza." Alipumua, akapumua tena. "Kwa hiyo unadhani siamki."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Melchior neno zito kama hilo, na lilikuwa kweli. Alidhani hivyo hasa. Machozi yalimfika, akayameza, akatikisa kichwa kwa nguvu kama mtu anayekataa bei.

"Hiyo ilikuwa ya kufungulia mdomo tu," alisema. "Hadithi yenyewe bado. Kabla ya Spangler kulikuwa na mwingine, Mwingereza, injinia. Anaitwa Booth."

Nesi alionyesha kwa mkono kwamba muda umekwisha. Salvator hakumtazama.

Melchior alisema haraka kwamba wakati ule London walikuwa na mashine ya kupuliza vumbi, inalitoa hapa inalipeleka pale. Booth akauliza, mbona msilivute ndani? Wakamwambia haiwezekani. Booth hakubishana nao. Alikwenda mgahawani, mgahawa wa watu wenye heshima zao, wanakula na kofia zao pembeni. Akatoa leso safi mfukoni, akaitandika juu ya kiti cha mahameli. Akainama mbele ya watu wote, waiteri wametoa macho, akaweka mdomo wake juu ya ile leso, akavuta pumzi yote aliyonayo.

Salvator alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye mto.

"Halafu?"

"Nitakuambia Jumatatu," alisema Melchior.

Salvator akamtazama. Aliudhika. Aliudhika waziwazi, paji limekunjana, midomo imebanwa, kama alivyoudhika zamani Howe aliposifiwa mbele yake. Nesi akaichukua simu, na kwa uso huo huo wa kuudhika ndivyo walivyomlaza usingizi wa dawa.